Malalamiko Dhidi ya Maganda ya Kitunguu

Kolwezi, Manika, Jumatatu

Kwa Tata Daktari Mkuu wa kituo chetu cha afya,

Mimi ni Ngeleka Kabasele, dereva wa lori la mawe mgodini kwa miaka ishirini na miwili, Mkristo, baba wa watoto sita, kilo mia moja na kumi na nane kabla ya dhuluma ninayoieleza hapa. Kwa heshima zote naomba umwondoe mtaalamu wako wa lishe, Mama Agnès Mushiya, kabla hajaivunja nyumba yangu. Sababu nimezipa namba ili usipotee.

1. Miezi miwili iliyopita Mama Mushiya alinitoa damu, akaiacha itulie kwenye kachupa, na juu yake kikaelea kitu cheupe kama maziwa. Akanionyesha mbele ya benchi nzima ya wagonjwa: "Hii ni mafuta, Tata. Iko natembea mu damu yako." Mimi nilifurahi. Babu yangu aliletwa huku kutoka Kasai akiwa na mifupa na jina tu. Mjukuu wake leo ana mafuta hadi kwenye damu. Badala ya kunipongeza, mama huyo akaniandikia kikaratasi.

2. Kikaratasi kinasema mimea ina vitu viitwavyo flavonoidi, ndivyo vinavyotia rangi ganda la kitunguu chekundu. Ushahidi ni panya. Panya walilishwa mafuta wakanenepa, wakapewa maji yaliyokamuliwa kwenye mimea, wakakonda, na mafuta ya damu yao yakashuka. Nawapa hongera. Lakini panya haendeshi lori, hana wakwe, na akikonda hakuna anayemwombea kanisani. Nilipombana, Mama Mushiya alikiri kwamba kwa binadamu bado wanachunguza, ila kula majani badala ya mikate ya kukaanga hakuwezi kunidhuru. Yaani mtu mzima nimenyang'anywa mikate kwa sababu ya "bado".

3. Firigisi. Kwetu Waluba wa Kasai, firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba, na mwanamke akimpa mtu mwingine wazee wanaitwa kukaa kikao. Mama Mushiya amemwambia mke wangu, Mujinga, kwamba firigisi, ngozi na mafuta ya kuku visinifikie. Tangu siku hiyo naletewa bukari, ugali wetu, ya ukubwa wa ngumi, majani ya lengalenga bila tone la mawese, na kikombe cha maji ya maganda ya kitunguu yenye rangi ya kutu. Nikinuna, Mujinga ananiita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza: "Kunywa, Tata Gloire. Mi sitaki kubakia mujane." Nakunywa huku nikimlaani Mama Mushiya moyoni.

4. Hapa ndipo penye uchungu wangu hasa. Tumbo langu si langu peke yangu, ni cheti cha Mujinga. Watu wakiliona wanajua kwangu kunapikwa. Sasa suruali inashuka, na jirani yetu Yolande ameshaniuliza: "Tata, balikufukuza ku kazi, ao ni bibi njo amechoka kukupikia?" Nimeishi na Mujinga miaka ishirini na sita, nampenda, na sitakubali asemwe mtaani kwa ajili ya panya.

5. Kama wembamba ndio afya, basi wale vijana wanaotoka kwenye mashimo ya kobalti mbavu zikihesabika ni wazima kuliko sisi sote, na kituo chako hakina kazi. Chimba shimo hapo uani, umpe kila mgonjwa sururu, halafu ufunge mlango wa maabara.

Kwa hiyo naomba Mama Mushiya ahamishiwe Musumba, ambako barabara yenyewe itamtikisa mpaka akonde, na panya wake wasafiri naye. Firigisi zote nilizonyimwa zitambuliwe kwa maandishi. Tena nipewe cheti chenye muhuri kwamba mafuta ya damu yangu yamepatikana kwa jasho halali, nikibandike mlangoni Yolande akisome.

Wasalimie wauguzi, mlinzi wa geti, yule dada wa maabara mwenye mkono mwepesi, na mama yako mzazi kule Kasaji. Mama Mushiya usimsalimie.

Wako mtiifu mwenye njaa,
Ngeleka Kabasele

N.B. Leo ni Alhamisi, barua bado ninayo. Jana Mujinga alianguka sokoni. Mkono wa kushoto hauinuki na mdomo umekwenda upande. Binti yetu ndiye aliyeniambia kwamba kwa miezi hii miwili kila alichoniondolea mama yake sahanini alikila mwenyewe jikoni, kwa kuwa kwetu chakula hakitupwi. Damu yangu imepimwa mara tatu. Yake haijapimwa hata mara moja, na mimi sikuwahi kuuliza. Mama Mushiya yuko kando ya kitanda cha Mujinga hapo kituoni tangu jana, hajarudi kwake. Tafadhali asihamishwe. Umwambie pia anifundishe kupika yale majani yake, nimlishe Mujinga kwa mkono wangu.