Wati za Mkurugenzi

Wananchi wapendwa, tulieni hapo mlipo. Idara ya Mbio na Mwendo ina heshima kubwa kuwatangazia kwamba, kuanzia sasa, hakuna mtu atakayekimbia kwa kujisikia.

Kujisikia kumefutwa. Zamani mtu anaamka, anajisikia vizuri, anakimbia. Akijisikia vibaya anakimbia taratibu. Kazi gani ya serikali inaendeshwa hivyo? Sasa tuna saa. Saa nyeusi ya mkononi, nene kama kipande cha sabuni, pamoja na kidude kidogo cha kubana kwenye kamba za kiatu. Kidude kinapima nguvu unayotumia kukimbia, kinairushia saa, na saa inakuonyesha kwa wati, kama balbu. Wati zikipanda mno unapunguza, zikishuka unaongeza, ili usije ukaishiwa pumzi katikati ya njia. Hayo ndiyo maelezo ya kwenye boksi. Sisi tuliyaboresha.

Mimi ni Afisa Habari wa Idara. Kazi yangu ni kuueleza umma kwamba kila kitu kinakwenda vizuri, kabla umma haujauliza.

Mkurugenzi wetu, mtu wa maono makubwa na shati kubwa, alitoa waraka. Kifungu cha kwanza: kila mtu wa Idara avae saa, kuanzia yeye mwenyewe mpaka mlinzi wa getini. Kifungu cha pili: namba za kila saa zionekane kwenye televisheni ya mapokezi, ili watu wawe na aibu. Kifungu cha tatu: kwa jambo lolote linalohusu mwili wa mtumishi, saa ndiyo yenye neno la mwisho.

Matunda yakaonekana hapo hapo. Afisa Manunuzi alinaswa akienda kula mchana kwa wati za duma na kurudi kwa wati za konokono, akapewa onyo. Mama wa chai aliongezewa trei ya pili, maana saa ilisema hajachoka. Na mlinzi wa getini, mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, aliyekuwa ameshaanza kuaga watu kwa sababu anastaafu, alizungushwa uwanja mpaka saa ikamkadiria umri wa mwili wake. Miaka ishirini na nane.

"Hongera sana," Mama Utumishi, mkuu wa mambo yote ya watumishi, akamwambia huku akirudisha faili la mzee kabatini. "Una miaka mingi ya kulitumikia geti."

"Mama, mimi nina wajukuu sita."

"Kijana wa miaka ishirini na nane ana wajukuu sita? Hebu jirekebishe."

Basi tuje kwenye suala la mpwa wangu. Anaitwa Njiti, kwa sababu ukimtazama kwa ubavu unaweza kudhani katoka. Ni binti mwanafunzi, anakimbia kwenye klabu ya vijana ya Idara, na anakaa kwa mama yake, ambaye ni dada yangu, ambaye nyumbani kwake mimi nimefikia kwa muda, huu sasa mwaka wa tisa.

Mbio za idara zote zilikuwa zinakaribia. Kilomita tano, kila idara inatoa mkimbiaji mmoja, awe mtumishi au mtoto wa klabu. Mshindi anapata nafasi kwenye chuo cha michezo: anasoma, analala, anakula, bure. Njiti aliitaka nafasi hiyo tangu akiwa na meno ya utoto. Dada yangu alikuwa ameshamwambia wazi: "Ukiikosa, mwanangu, mwakani tunakaa wote kwenye cherehani. Ada sina." Kwenye cherehani Njiti ni hatari. Aliwahi kushona suruali ikawa na miguu mitatu.

Siku ya upimaji ikafika. Njiti akazunguka uwanja. Alikimbia kama mtu aliyesahau kwamba ardhi ipo. Kocha wa klabu akatazama saa yake ya zamani ya kubonyeza, akatabasamu peke yake. Tukasoma kwenye saa rasmi: wati mia moja tisini.

Wakati huo huo Mkurugenzi alikuwa anashuka kwenye gari kuja kukata utepe. Mvua ikaanza. Akakimbia kutoka garini mpaka kwenye hema, mwavuli mkononi, tai begani. Wati mia mbili arobaini.

Hema zima likamgeukia Kocha.

"Bosi," Kocha akaanza, "mwili mzito unakula nguvu nyingi kusogea. Ni kama lori na baiskeli. Inabidi wati za mtu uzigawanye kwa kilo zake."

"Kocha," nikamwambia kwa upole, "unataka kuzigawanya wati za Mkurugenzi?"

Kocha akairudisha saa yake mfukoni. Kamati ikakaa pale pale, ikala biskuti, ikaamua: mkimbiaji bora wa Idara ni Mkurugenzi. Mkurugenzi alipokea habari hiyo kwa unyenyekevu, akasema hata yeye alikuwa anahisi hivyo. Saa yake ndiyo haikusema mengi. Kwenye sehemu ya umri wa mwili iliandika tu: *Bado sikujui. Kimbia mbio ndefu za nje.*

Ili jina lake lisije likachezewa na wenye wivu, akaongeza kifungu cha nne: mkimbiaji aliyechaguliwa habadilishwi kwa sababu yoyote ile, isipokuwa ugonjwa uliothibitishwa na saa. Nikampigia makofi. Na kwa vile wati zinafuata kilo, mazoezi ya klabu yakahamishiwa kantini. Vijana wakapakuliwa sahani mbilimbili asubuhi. Mimi nilishiriki bila kulazimishwa na mtu.

Nyumbani mambo hayakwenda kitaalamu sana.

"Mjomba," Njiti akasema, hajagusa chakula, "nimewashinda wote. Wote!"

"Kwa macho, ndiyo. Kwa wati, umeshindwa na mtu aliyekuwa anakimbia mvua."

"Alikuwa na mwavuli!"

"Mwavuli haukuhesabiwa, mama. Tulikuwa waangalifu."

Dada yangu akaweka mwiko chini. "Hebu nieleze vizuri. Bosi wako yule, anayepumzika kila ngazi kama anapigwa picha, ndiye akimbie kilomita tano? Na mtoto wangu akae?"

"Dada, hayo ni maoni yako. Wati ni wati."

"Sawa. Na sahani ni sahani." Akaichukua yangu, akaimimina yote kwenye ya Njiti. "Kula, mwanangu. Mjomba wako atakula takwimu."

Nilijaribu kumweleza kifungu cha tatu. Akanipa sufuria nikwangue.

Zikabaki siku chache. Nikaingia ofisini kwa Mkurugenzi kumpelekea namba ya kubandika kifuani. Akaigeuza geuza.

"Hii ya nini?"

"Ya kukimbilia, bosi."

"Si nimeshachaguliwa?"

"Umechaguliwa kukimbia, bosi."

"Kukimbia kwa maana ipi?"

"Kwa maana ya miguu."

Kumbe mwenzetu alidhani ni kama mambo mengine ya ofisini: jina lake linaandikwa, watu wa chini wanafanya, yeye anavishwa medali. Kesho yake akaugua. Akapiga simu mapokezi akikohoa mpaka simu ikatetemeka. Mama Utumishi akainua macho kwenye televisheni, akamsomea neno kwa neno: "Mkurugenzi. Usingizi: mzuri sana. Moyo: umetulia. Mwili uko tayari kwa mazoezi makali."

"Nasema naumwa!"

"Saa imekataa, bosi."

"Iambie mimi ndiye bosi wake!"

"Nimejaribu. Kifungu cha tatu."

Kikohozi kikapona kabla simu haijakatwa. Mkurugenzi akaja kazini na wazo jipya. Mtu wa cheo chake, alisema, hatoki peke yake. Hata akienda chooni kuna anayetangulia. Kwa hiyo atahitaji mtu wa kumtangulia barabarani na kumwekea mwendo. Waandaaji hawakuwa na neno, mradi huyo mtu naye avae namba na ahesabiwe kama mkimbiaji mwingine yeyote.

"Njiti," Kocha akasema haraka, hata kabla hajaulizwa.

"Huyu mwenye wati mia moja tisini?" Mkurugenzi akamtazama mpwa wangu juu mpaka chini, safari ambayo haichukui muda. "Ataniangusha. Afisa Habari, andika. Mtangulizi atakimbia kwa wati zangu zilezile, mia mbili arobaini, tangu mwanzo mpaka mwisho. Asipunguze hata moja. Na asigeuke nyuma, sipendi kutazamwa nikiwa kazini."

"Zako zilezile, bosi?" Kocha akauliza.

"Zilezile."

Safari hii Kocha hakugawanya kitu. Akamgeukia Njiti. "Umesikia agizo?"

"Nimesikia," Njiti akasema, akajing'ata mdomo ili usicheke.

Siku ya mbio nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Kengele ikalia. Wakimbiaji wa idara nyingine wakafyatuka kama wamemwagiwa maji ya moto. Njiti akatazama mkono wake, mia mbili sabini, akapunguza. Mia mbili arobaini. Akatulia hapo. Watu wakampita, yeye macho kwenye saa, mtiifu kuliko watumishi wote niliowahi kuwaona. Kwenye kilima wenzake waling'ang'ania kasi ileile, wakaungua. Yeye alifupisha hatua, namba ikabaki palepale. Kilimani kule akaanza kuwaokota, mmoja mmoja: wa Maji, wa Ardhi, wa Barabara. Kwenye mteremko ilibidi aachie miguu kabisa ili saa isimlaumu. Jamani, wati za mtu mzima kwenye mwili wa njiti! Yule mtoto alikuwa hakimbii tena, alikuwa anatumwa.

"Huyo ni wa nani?" watu wakapiga kelele.

"Ni mtangulizi wa Mkurugenzi!" nikatangaza kwa fahari. "Mkurugenzi yuko nyuma yake kidogo!"

Njiti akakata utepe peke yake, akasimama, akatazama saa, akaniambia akihema, "Mjomba, wati ni wati?" Kisha akabebwa na mama yake, ambaye alikuwa amevunja kamba ya uzio na kiatu kimoja.

Mkurugenzi alifika pia. Medali zilikuwa zimeshatolewa, hema limeshakunjwa, na fundi wa vipaza sauti alikuwa ameanza kutukunjia nyaya miguuni. Alikuja kwa namna ambayo siwezi kuiita kukimbia wala kutembea. Kama kabati linalohamishwa. Lakini alimaliza, na saa yake ikafurahi sana. Ikatetemeka, ikapiga muziki, ikaandika kwenye mkono wake na kwenye televisheni ya mapokezi, kama kifungu cha pili kinavyotaka: *Hongera! Sasa nakujua. Umri wa mwili: miaka sabini na mmoja.*

Mama Utumishi hakuwa na haraka. Jumatatu asubuhi akaisoma ile televisheni, akafuta miwani, akaisoma tena, akaenda kabatini.

"Mimi nina miaka hamsini na mbili!" Mkurugenzi akafoka.

"Kwa makaratasi," Mama Utumishi akamjibu kwa huruma ya kweli. "Kustaafu ni sitini, mzee. Tumekuchosha bure miaka yote hii. Utusamehe."

Tulimfanyia kaagano kadogo mapokezi. Soda zilikuwepo. Nilisoma hotuba kuhusu maono yake, nikasisitiza kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Njiti ameshaondoka na begi lake kwenda chuoni, na sahani yangu nimerudishiwa, ingawa sasa ni ile ndogo. Saa yangu mimi nimemvalisha paka wa jirani. Naambiwa nina miaka kumi na tisa, nalala sana, na usiku wati zangu zinapanda ukutani.

Getini, mlinzi aliacha kiti chake akampokea Mkurugenzi boksi la vitu vyake, akafungua geti lote, na walipofika kwenye jiwe la kizingiti pale chini akamshika mkono.

"Taratibu, babu," akamwambia. "Usijali. Sisi vijana tupo."