Kaburi la Baba Mdogo Cleophas na Daraja Jipya

Jumatatu, 8 Juni 1964
Wahuni! Daraja jipya haliwekwi hapa penye hoteli yangu. Linahamia kule chini, kwa duka la Erastus. Hili letu la mbao limeoza, sikatai. Lakini ndilo linaloniuzia chai! Lori likifika, abiria hushuka, mbao zipigiliwe kwanza, na wote hungojea kwangu. Sasa wapimaji wamepiga vigingi vya barabara kupitia migomba yangu mpaka mlangoni kwa Erastus. Naye ananipungia mkono. Mkono! Atanitambua.

Jumatano, 10 Juni
Nimepata dawa. Nani atapitisha barabara juu ya kaburi? Nimerundika udongo kati ya vigingi, nikasimika msalaba. Marehemu: Baba Mdogo Cleophas, aliyekwenda Uganda akapotelea huko. Nimewaambia wapimaji tulimzika kimyakimya. Wakavua kofia. Safi kabisa!

Ijumaa, 12 Juni
Balaa. Habari imefika Lumakanda. Shangazi Jescah, dada yake Cleophas, amekuja na ukoo mzima na ngoma za isikuti, akiuliza mimi ni mtu wa namna gani, nizike kaka yake bila kuita watu. Amelia juu ya ule udongo mpaka sauti ikamkauka. Analia kweli. Nikaona aibu. Kisha akasema waombolezaji hawalangi obusuma, ugali wetu, na mboga tupu, akaamuru ingokho, kuku wangu wote, wachinjwe. Aibu ikaisha papo hapo.

Jumapili, 14 Juni
Bado wapo! Chai yangu wanakunywa bure. Erastus naye amekaa mbele, analia kuwashinda wafiwa. Mnafiki!

Jumanne, 16 Juni
Injinia mwenyewe amefika. Ameyaona matanga, akampa Shangazi pole, akaapa kwamba barabara haitamgusa marehemu. Nusura nicheze. Kisha wakang'oa vigingi, wakavipiga upya. Vinapita katikati ya hoteli yangu! Jiko linakwenda, meza zinakwenda. Injinia anasema hakuna njia nyingine ya kulikwepa kaburi. Ningesemaje ukweli, na Shangazi amesimama pale na fimbo? Erastus kaja kunipa pole. Nimemfukuza.

Jumatano, 17 Juni
Nimewaza, nimeliona kosa. Nilizika mtu mwenye jamaa! Kesho nachimba jikoni. Safari hii marehemu hatakuwa na ndugu hata mmoja.