Nilivyosafisha Matawi Mia Mbili na Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Masalale! Nimefungua stoo ya programu ya ofisi ya binti yangu, nimekuta matawi mia mbili na kumi na moja! Nimetunza stoo za watu miaka thelathini, fujo ya namna hii sijaiona. Hawa vijana, kila mmoja akitaka kurekebisha programu anajitengenezea nakala pembeni. Ndiyo hilo tawi. Akimaliza, kazi inaunganishwa kwenye shina, ile nakala kuu, tawi linafutwa. Hawafuti! Moja linaitwa "jaribio". Lingine "jaribio la mwisho". Lingine "jaribio la mwisho kabisa kweli". Yote ya kijana mmoja wa hapo, Miwani, bingwa wa kuacha vikombe vichafu mezani.

Binti kanipa kazi ya kufuta. Kasema, baba, muulize mwenye tawi kwanza. Nikaitikia. Kaongeza kwamba nikiharibu narudi nyumbani kushinda na shangazi yake. Dada yangu huyo hunihesabia vijiko vya sukari!

Jumanne, 4 Machi

Kuuliza kunachosha. Nimeuliza watu wanne, wote wamesema liache kwanza. Liache mpaka lini, lizae? Nimejitungia sheria: tawi lisiloguswa miezi miwili ni maiti. Sijamwambia mtu. Miwani kaniita Mzee Fagio mbele ya ofisi nzima. Wamecheka, hata binti yangu wa kumzaa! Ngoja.

Jumatano, 5 Machi

Nimefuta mia moja tisini na nane, kabla ya chai! Moja tu liligoma. Kompyuta ikaandika kwamba kazi yake haijaunganishwa na shina. Ala! Inanijibu mimi? Kuna amri ya kulazimisha, niliichungulia begani kwa Miwani. Nikalazimisha. Likaenda kimya. Nikajipongeza.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Mama Pacha, fundi wetu wa programu, karudi kutoka likizo ya uzazi. Miezi mitatu. Katuonyesha picha za watoto, nikasifia vipara vyao. Kisha akakaa kutafuta tawi lake. Programu ya kupangia wagonjwa zamu, ile binti yangu anayomwonyesha daktari wa zahanati kesho saa nne. Halipo! Akatafuta tena. Akauliza chumba kizima nani kaligusa. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Wakakimbilia kompyuta aliyoiacha ofisini. Tupu! Nilifuta vyote vya ndani mwenyewe juma lililopita, siku yangu ya kwanza hapa, tena kwa bidii. Binti kanisogezea kiti, kaniambia nikae. Heri angefoka. Mama Pacha kaniuliza polepole kama najua kwamba kazi ile aliimaliza na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, kaitumbukiza kwenye beseni la maji. Sikujua. Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepona! Nani kaniokoa? Miwani! Jana hakuwepo, aling'oa jino. Leo kaingia, shavu limevimba kama andazi, kasikia kilio, kafungua kompyuta yake. Haijawahi kusafishwa tangu aipate! Tawi la Mama Pacha limo. Alilichukua alikague kabla ya likizo, akasahau. Dakika moja, limerudi. Saa nne daktari katazama, kataka ianze kazi mwezi huu huu.

Miwani kanipiga bega, kasema pole, Mzee Fagio, na huo uso wa jana nimesimuliwa. Binti kaninyang'anya ruhusa ya kufuta. Alitaka kunirudisha kwa dada yangu, Mama Pacha akaniombea. Kasema nibaki, niandike orodha tu, mikono mbali.

Nimeapa. Mikono mbali na stoo.

Ila kompyuta ile ya Miwani, jamani! Nimeiona ilivyofunguliwa. Nakala mia tatu na ushee, nyingine za mwaka juzi! Mtu aliyeniokoa anaishi hivyo? Lazima nimlipe wema. Jumatatu huwa anachelewa, na neno lake la siri nimelichungulia begani. Naanza na zile zisizoguswa miezi miwili.