Taa za Sendofu ya Catherine

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kikao cha familia hapa Misigiri, kwa dada yangu Klara. Ajenda: sendofu ya binti yake Catherine, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, Jumamosi jioni. Nguzo za umeme zimeishia shuleni, kwa hiyo taa zitatoka wapi? Wakamtaja Urbano, yule anayechaji simu za watu pale senta. Nikasimama. Nikasema ukoo wetu hauazimi mwanga wakati mimi Laurian nipo. Klara akauliza kama nimeisahau redio yake. Nikamweleza kwamba redio ile nililetewa ikiwa mahututi. Kazi nimepewa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimenunua taa za LED za mkanda. Nimeziunga moja kwa moja kwenye betri iliyotoka kuchajiwa. Uwanja mweupe, hata kuku wakakataa kwenda kulala. Kufikia chakula cha jioni betri ilikuwa imechoka na mwanga umekuwa rangi ya chai. Mke wangu, Anastazia, alisema haoni mboga. Nilimjibu kwamba mwanga wa namna ile una heshima.

Jumatano, 6 Agosti
Urbano alipita kunisalimia, yaani kupeleleza. Akasema nguvu ya betri hupanda ikijaa na kushuka ikitumika, na taa hizi hazipendi kupandishwa na kushushwa. Kuna kifaa kidogo kinakaa katikati ya betri na taa, kinasawazisha umeme. Nilimshukuru. Maneno ya biashara nayajua.
Alipoondoka nilitumia akili. Betri moja inashuka? Weka mbili, moja nyuma ya nyingine. Mwanga uliotoka haujawahi kuonekana Iramba nzima. Haukukaa. Ukaja moshi, kisha harufu, kisha mkanda wote mweusi. Matokeo ni mazuri: imethibitika kwamba nguvu ninayo.

Alhamisi, 7 Agosti
Mkanda mwingine umepatikana. Jogoo wa Anastazia hayupo tena nyumbani. Mambo haya mawili yanahusiana, lakini sikuulizwa vizuri.
Wazo jipya: trekta ya shemeji Christopher, kaka yake Anastazia. Injini ikiunguruma, betri yake inajichaji yenyewe, haishuki. Christopher aliuliza nani atasikia hotuba. Nikamwambia watu huja sendofu kula.

Jumapili, 10 Agosti
Jana sikuandika. Naandika leo baada ya misa, kichwa kikiwa kimetulia.
Trekta iliwaka vizuri. Tatizo ni mguu wa Christopher. Akikanyaga mafuta, taa zinawaka kama radi na wazee wanaziba macho. Akilegeza, giza linaingia na mtu anachukua nyama ya jirani. Mshereheshaji alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, mwisho akaomba trekta izimwe. Ikazimwa. Tukabaki na betri peke yake, nayo ikaanza kunywea.
Hapo ndipo Catherine alipoingia. Kitenge chake kilikuwa cha dhahabu, Klara alikishona kwa mkono. Hakikuonekana. Alipofika nilipo aliinama sikioni kwangu. "Mjomba, naomba hata uso wangu tu uonekane. Mama anataka kuniona."
Huyu mtoto nilimbeba mgongoni wakati wa kuvuna alizeti. Nikamtafuta Urbano kwa macho, nikamwashiria kwa kichwa, mara moja tu, kidogo. Akaja. Akatoa kifaa mfukoni, kama kiberiti kwa ukubwa, akakifunga kati ya betri na mkanda. Taa zikatulia. Hazikupanda, hazikushuka, mpaka maombi ya mwisho. Klara akambariki binti yake na machozi yake tuliyaona yote. Na mimi nilitoa machozi. Moshi wa trekta.

Jumatatu, 11 Agosti
Kijiji kizima kinaniita Injinia. Sikuwazuia.
Nimelifikiria kwa kina suala la kifaa. Ni wazi kilichotuokoa ni jinsi nilivyoutundika ule mkanda, na betri ilikuwa imeanza kunizoea. Nimekifungua kifaa kutoka kwenye mkanda, nimemrudishia Urbano, nikamshauri asikate tamaa, kwani bado ni kijana. Alinitazama sana. Nadhani aliguswa.
Mchana Baba Paroko aliniita. Jubilei ya kigango ni mwezi ujao, wanataka taa uwanja mzima. Nimemwahidi kuziunga kwenye injini ya mashine ya kusaga, nguvu tupu. Akauliza kama kile kifaa cha Urbano kitakuwepo. Nikamjibu kwa upole kwamba kwa kazi kubwa hatutumii vitu vidogo.