Zizi Langu Lisiloibika

Jumatatu, 14 Julai 2025
Darasa la kompyuta, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mwalimu Shanitah kutoka Mbarara ametupa mchezo. Kila mtu aandike programu ya kulinda zizi la ng'ombe arobaini, kisha wenzake wajaribu kuwaiba. Mimi nimechunga ng'ombe kwetu Minembwe tangu nina miaka sita. Nani atanifundisha zizi? Mshindi wa Ijumaa atapelekwa Kakoba, Mbarara, kusoma miezi mitatu. Nafasi moja tu. Habari zake tulizipata wiki jana, na jana nilishaliaga kanisa zima. Wakaniombea!

Jumatano, 16 Julai
Maajabu! Programu yangu humwuliza mgeni analeta ng'ombe wangapi. Mama Nyiramana, muuza maziwa, ambaye juzi alikuwa anashika kipanya cha kompyuta kwa mikono miwili, akaandika: hasi arobaini. Programu ikatii! Ng'ombe wangu wote wakatoka, mmoja mmoja, kimya. Hakuvunja ua. Hakugusa mlango. Nusura nipige makofi.

Shanitah akasema kosa ni langu, nimeamini alichoandika mgeni bila kukikagua.

Alhamisi, 17 Julai
Tundu nimeliziba. Sasa zizi linafunguka kwa neno la siri tu: Bihogo, ng'ombe wangu niliyemwacha Minembwe. Hapa hakuna aliyewahi kumwona. Shanitah alionya tusiweke neno linalobahatishika. Nikaitikia kwa kichwa.

Jioni nikambebea Nyiramana madumu ya maziwa ili nimchimbe neno lake la siri. Hakulitaja. Njia nzima aliniuliza habari za ng'ombe wangu tu. Nikamsifu Bihogo mpaka mlangoni kwake. Mama mwenye adabu sana.

Ijumaa, 18 Julai
Nyiramana aliandika: Bihogo. Zizi wazi!

Nikamwuliza amejuaje. Akacheka: "Ezira, weye! Iyo ngombe yako, nani hapa haiijuwi? Uliiimba mpaka mu ndoa ya Cyiza!"

Zizi lake nililijaribu mara kumi na tisa. Jina la mchungaji wa kanisa, la binti wa Nyiramana, wimbo wa kwaya. Hasi elfu moja. Zizi likatulia tuli. Nilisahau kwamba nashindwa, nikawa nalitazama tu. Zuri, Mungu wangu! Kakoba anaenda yeye, na ni haki yake. Inaniuma hata hivyo.

Jumapili, 20 Julai
Wamemwombea Nyiramana. Mchungaji akashangaa kuniona bado nipo.

Lakini nimejifunza. Neno la siri nimelibadilisha. Sasa ni Gaju, ndama wa Bihogo, ambaye sijawahi kumtaja kwa mtu yeyote. Nimeshamtungia sifa, beti sita. Nitaziimba Jumapili ijayo, mbele ya kanisa zima, tukimuaga Nyiramana.