Kinini ya Kweli ya Soudi

Jumatatu, tarehe 7 Julai 2025

Daftari, salamu. Mimi muzima, nimechoka tu. Mama mukwe Rehema muzima, magoti njo yanamusumbua. Mutoto wangu Soudi muzima muchana. Usiku anapiga kelele, tangu ile vita tulipokimbilia Pangi, yeye mugongoni kwangu. Leo ana ndevu na bado anapiga. Kuku wazima.

Munganga Jeannette amemuletea Soudi kinini za majaribio, vidonge vya kumulaza usiku. Akasema nusu ya wagonjwa wanapata dawa, nusu wanapata unga mutupu, sura moja. Hata yeye hajui nani anakula nini mpaka mwisho. Munganga, na hajui! Nikaitika sawa. Nitajua mimi.

Alhamisi, tarehe 10

Jirani Pélagie anajivuna. Ati mume wake Florentin, naye iko katika majaribio, analala mpaka anakoroma. Basi dawa ya kweli njo iko kwake! Tukaweka kinini zetu pamoja, tukaangalia, tukalamba. Sawasawa. Akaniambia ulimi wangu umezeeka. Wake je?

Ijumaa, tarehe 11

Akili imenijia. Nimeweka sufuria ya sombe motoni, nikameza kinini moja ya Soudi. Nimelala! Mimi, ambaye tangu vita nalala na sikio wazi! Mama mukwe njo ameniamsha kwa matusi: sombe imekuwa makaa. Basi njo ya kweli. Nimepitapita mbele ya mulango wa Pélagie nikiimba.

Jumatatu, tarehe 14

Nimemuambia munganga kama nilimeza kinini ya Soudi. Amekasirika. Kisha amecheka, mbaya zaidi. Akasema usingizi wa mama mumoja aliyechoka si jibu, wao wanaangalia wagonjwa wote pamoja. Nikaitika ndiyo, ndiyo. Lakini nililala mimi, si wote.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Wamefungua siri. Waliopata dawa wamelala vizuri kupita wengine. Soudi alikula unga. Florentin pia, unga! Pélagie na mimi tukakaa kwenye benchi kama wafiwa, tukagawana karanga. Munganga akasema sasa wote watapewa dawa yenyewe, waanze leo.

Alhamisi, tarehe 11

Jana usiku Soudi alimeza kinini mupya. Nami moja, kwa kuhakikisha. Bure kabisa! Sikufunga jicho. Nilikaa nasikiliza kama Soudi atapiga kelele. Hakupiga. Nikangoja. Bado hakupiga. Mpaka adhana ya alfajiri, mimi macho, yeye anakoroma kupita Florentin.

Wametupatia unga, naapa. Nimetuma neno kwa munganga: amekosea, aturudishie ile ya kwanza. Anijibu mbio, kabla Soudi hajaamka.