Kiingereza Kilichogoma Kuondoka

Jamani, leo heshima yangu nimeiacha Ngorongoro, kule ukingoni mwa shimo.

Mnajua nilikokuwa nakwenda. Hoteli ya kule juu ilitaka mtu wa kuongoza wageni, na mimi nilishatangaza kijiji chetu kizima cha Daa kwamba nafasi ni yangu. Mama akaniazimia koti la mjomba. (Mikono inameza vidole. Nilikunja.)

Kuhusu Kiingereza sikuwa na wasiwasi, kwa sababu sikuwa nacho. Tangu kidato cha kwanza tunaambiwa sekondari zitafundisha kwa Kiswahili, ni suala la muda tu. Nikaona ya nini kuhangaika na lugha inayofungasha virago? Kwenye mdahalo nilisimama nikasema Kiingereza ni kasumba, nikapigiwa makofi ukumbi mzima. Basi nikakiacha kiende.

Nikafika, nikakaa benchi moja na kijana wa Endulen, Lemali, kajifunga lubega lake, katulia. Wote wawili tunaitaka kazi hiyo hiyo. Nikaitwa mimi kwanza. Meneja ni Mtanzania kama sisi, Kiswahili chake safi kabisa. Akafunga mlango, akaanza kwa Kiingereza.

Jina, nikajibu. Shule, nikajibu. (Hayo nilikariri njiani.) Kisha akauliza, kabana pua, wageni watakuta nini ndani ya "kreita".

Kreti! Hilo nalijua, kaka yangu anauza baa pale Karatu.

"Bia," nikajibu kwa Kiingereza changu. "Na soda."

Akanitazama. Akauliza kama kuna hatari yoyote.

"Ipo kidogo," nikasema, "ukizidisha."

Je, mgeni anaruhusiwa kuondoka na chochote kutoka mle?

"Hapana, bwana! Anywe hapahapa, chupa ibaki."

Meneja akaweka kalamu chini. Kiswahili kikamrudia chenyewe. "Kijana, unazungumzia nini?"

"Kreti, mzee."

"Mimi nakuuliza habari za bonde hilo hapo dirishani!"

Nikageuka. Bonde lote lile, na ziwa lake, na wanyama wake. Sasa ningejuaje? Kwetu, tangu babu, tunaliita shimoni tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Kiingereza kimelibatiza "kreita". Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na lile koti likazidi kuwa kubwa.

Ukuta ni wa mbao. Nilipotoka, Lemali alikuwa amejiinamia, mabega yanatikisika.

"Bwana," akasema akijifuta machozi, "na faru nao, kreti moja mnapanga wangapi?"

Akaingia yeye. Akatoka na kazi. (Mkono nilimpa. Nilichelewa kidogo kuutoa kwenye koti.)

Nilishafika getini meneja aliponiita. Nikajua ananirudisha ili wenzake nao wacheke.

"Ya shimo hujui kitu," akasema, "lakini ya kreti umejibu yote sawasawa. Jumatatu uanze stoo ya vinywaji."

Nikashukuru kwa Kiswahili, kwa furaha, mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Akanipa barua ya ajira. Ninayo hapa, nimeigeuza juu na chini, na Kiingereza kimejaa mpaka pembeni.

Tafadhali msicheke. Nani ana kamusi ya kuniazima?